Karume yupi unayemsema? Uzi wa watu, viwanja, soko na sarafu wenye jina moja

Kahawa Tungu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Jumamosi iliyopita baada ya Isha nilikuwa kijiweni kwetu Ilala, kahawa na kashata kama kawaida. Mzee mmoja mwenyeji wa Unguja anasimulia: "Karume alikuwa baharia bwana, kazunguka na meli miaka mingi kabla ya siasa." Kijana wa Kikenya aliyekuja Dar kufuata mzigo akatikisa kichwa kukubali: "Sawa mzee, lakini pesa yake ya kwanza ilitoka kwa makaa." Mzee akamtazama, akaacha ipite. Akaendelea mpaka alipouawa, 1972. Kijana akasema hapana mzee wangu, Karume amekufa 2012, tena alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Ulinzi.

Kikombe kikarudi kwenye sinia, ta! "Waziri wa Ulinzi wa nani?"

Fundi viatu wetu, ambaye muda wote alikuwa na simu yake, akadakia bila kuinua macho: "Kwani Karume imeshaungua mara ngapi?"

Watu watatu, Karume watatu, na kila mmoja anaona wenzake ndio wameingiwa na wazimu. Mimi nilishajua tangu kwenye makaa. Nikanyamaza, nikaagiza kikombe cha pili. Mnisamehe.

Sasa nimeona nilete uzi tuwapange hawa Karume, maana jina hili lina watu wengi na vitu vingi kuliko tunavyodhani. Naanza na shina.

Abeid Amani Karume. Baharia, kisha kiongozi wa African Association, na Februari 1957 chama hicho kilipoungana na Shirazi Association ikazaliwa ASP (Afro-Shirazi Party), yeye akiwa kiongozi wake. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yakamfanya Rais wa kwanza wa Zanzibar. Miezi mitatu na ushee baadaye, 26 Aprili, Muungano, naye akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri huku akibaki Rais wa Zanzibar. Akapigwa risasi 7 Aprili 1972 pale Kisiwandui, makao makuu ya ASP. Ndiyo maana 7 Aprili hatwendi kazini.

Karibu kila kitu kinachoitwa Karume upande wetu huu kimetoka kwake. Nasema karibu. Endeleeni.

---

Chumvi Kidogo

Nakaa kiti cha mbele kabisa. Mtu asilete siasa tu.

---

Binti Kisiwandui

Mtu ataletaje Karume bila siasa, wewe Chumvi? Labda alete ile ya kuuza masweta.

Kahawa Tungu umeanza vizuri. Niongeze la nyumbani. Ile siku ilikuwa Ijumaa, jioni, na sisi tuliokulia pale tumesikia kwa wazee kwamba Mzee alikuwa kwenye bao na wenzake, kama desturi yake. Risasi zikamkuta hapo. Sheikh Thabit Kombo, kiongozi mwenzake wa ASP, alikuwepo, akajeruhiwa. Jengo bado lipo, sasa ni la CCM, na kaburi la Mzee liko hapo hapo. Kila 7 Aprili asubuhi barabara zinafungwa, viongozi wanakuja na dua inasomwa. Ukiwa mtoto wa Kisiwandui unaijua siku hiyo kwa harufu ya udi na kelele za magari ya askari, kalenda huhitaji.

Lakini ninalotaka kusema hasa ni hili la "jina la ukoo". Watu wengi wanaliita Karume jina la ukoo kama vile tumezaliwa nalo. Kwetu jina ni mnyororo: lako, la baba, la babu. Abeid Amani Karume, kwa mpangilio wetu, linasomeka Abeid, mwana wa Amani, wa Karume. Basi. Akaja mwanawe, akaitwa Amani kama babu yake. Kwa mnyororo wa kawaida huyu alipaswa kuwa Amani Abeid Amani. Hebu litamke. Hakuna aliyewahi kuliandika hivyo. Likaandikwa Amani Abeid Karume. Pale ndipo mnyororo ulipokatwa na Karume likagandishwa. Na mtoto wa Amani, Fatma, angekuwa Fatma Amani Abeid. Hata yeye ni Fatma Amani Karume.

Mimi naona siku jina la mtu linapoandikwa kwenye jengo, watoto na wajukuu hawaliachi tena.

---

Wakili Mtarajiwa

Binti Kisiwandui, hii ya mnyororo kukatwa sikuwahi kuiona hivyo. Na ndiyo chanzo cha makosa mengi. Nimeshasahihisha kazi za wanafunzi wa tuisheni, mmoja kaandika kwamba "Amani Abeid Karume ndiye aliyeongoza Mapinduzi ya 1964". Huyo Amani kazaliwa 1948! Alikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Ukigeuza majina mawili ya mwanzo umeruka miaka thelathini na sita, toka Rais wa kwanza mpaka Rais wa sita.

Ya kwake Amani ni haya: Rais wa Zanzibar vipindi viwili, 2000 hadi 2010. Kipindi chake kilianza vibaya sana. Uchaguzi wenye mgogoro, na Januari 2001 watu wakauawa kwenye maandamano ya CUF, chama cha upinzani, Pemba hasa. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekaa na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, Ikulu tarehe 5 Novemba 2009, wawili tu, wakatoka wameshikana mikono. Kura ya maoni 31 Julai 2010 ikapitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66 na kidogo. Wengi wanamkumbuka kwa jina la baba yake wakati hili la maridhiano ni lake mwenyewe.

Na Fatma nao wako wawili, msiwachanganye. Bibi, Mama Fatma Karume, mjane wa Mzee. Mjukuu, Fatma Amani Karume, wakili, yule wa mitandaoni mnayemwita "Shangazi". Aprili 2018 alichaguliwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, akimpokea Tundu Lissu. Septemba 2019 akasimamishwa uwakili Tanzania Bara, na Septemba 2020 akaondolewa kwenye orodha ya mawakili. Kwa hiyo ukisema "Rais Karume", toka vizazi vitatu unaweza kupata watu watatu tofauti, mmoja wao rais wa mawakili.

---

Chumvi Kidogo

Na Uwanja wa Amaan pale Unguja? Si ndio wa Amani Karume huo?

---

Wakili Mtarajiwa

Chumvi, ule uwanja Wachina waliujenga, ukafunguliwa 1970. Amani akaja kuwa Rais miaka thelathini baadaye. Piga hesabu mwenyewe.

---

Mwana wa Kiambaa

Hamjambo ndugu zangu wa huko chini. Huyo kijana wa makaa naona ametoka kwetu, wacha nimtetee.

Kenya ukisema Karume bila kuongeza neno, mtu wa umri wa baba yangu anafikiria Njenga Karume. James Njenga Karume, mzaliwa wa 1929. Alianza kwa kuuza makaa, hiyo si masihara, ndiyo hadithi yenyewe. Akaingia kwa usambazaji wa bia, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa Kikuyu wa kizazi chake. Mwenyekiti wa GEMA miaka ile ya sabini, yaani muungano wa Wagikuyu, Waembu na Wameru. 1976 alikuwa kwa lile kundi lililotaka katiba ibadilishwe ili makamu wa rais, ambaye wakati huo ni Moi, asikalie kiti moja kwa moja kama Mzee Kenyatta angeaga. Halikufaulu, na Moi akawa rais 1978. Yule mzee hata hivyo hakupotea. Mbunge wa Kiambaa, akaanguka, akarudi, chini ya Kibaki akawa Waziri wa Ulinzi. 2007 akakosa kiti. Akafariki Februari 2012.

Uhusiano wa damu na wa Zanzibar? Hakuna. Hili jina ni la Kikuyu kabisa kwetu.

Lakini aliyosema huyo dada wa Kisiwandui imenishtua kidogo. Sisi pia majina yanazunguka. Kijana wa kwanza anaitwa jina la babu mzaa baba, hiyo ni lazima, bibi yako akitaka lingine mtaenda kwa wazee. Kwa hivyo kwa boma moja unaweza kupata Njenga wa Karume, na mwanawe akawa Karume wa Njenga, na mjukuu akarudi kuwa Njenga wa Karume. Sasa Abeid wa Amani kumzaa Amani wa Abeid, hiyo ni kama ya kwetu tu! Ila sisi wazungu walitukuta hivyo wakatuambia tuchague moja la mwisho tulishike.

---

Mshika Sarafu

Kijana wa Kiambaa kaniwahi kwenye lugha. Niongeze tu kwamba Kikuyu mwanamume ni mũndũrũme, sisi tunasema mwanaume, kiume, kuume. Mzizi ni mmoja kwa Wabantu wengi. Kwa hiyo jina lenye sauti ya "rume" kuchipuka sehemu mbili bila kuambizana hakunishangazi. Maana kamili ya jina Karume Unguja nawaachia wenye nalo.

Mimi nimekuja na Karume mwingine, ambaye kila mmoja wenu anaye sasa hivi au alikuwa naye asubuhi akampa konda. Toa mfukoni ile sarafu ya shilingi 200. Upande mmoja simba, upande wa pili Mzee Karume. Ya 1998 hiyo. Sasa toa ya 500. Nyati, na nyuma Mzee yule yule. Hii ilitoka 2014.

Wenye kumbukumbu watakumbuka 500 ya noti ya toleo la 2010, nayo Karume mbele, nyuma Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ile noti maskini ilikuwa inateseka. Inapita kwa konda, kwa muuza mihogo, kwa mwenye genge, wiki mbili imekuwa kama kitambaa cha kufutia meza, harufu ya samaki juu. Benki Kuu wakaona ndogo hii haidumu, bora chuma. Ninayo moja niliyoihifadhi ndani ya daftari, imenyooka. Sura ya Mzee humo inaonekana vizuri, kuna mikunjo ya paji la uso. Kwenye sarafu mchongo umelainika mno, mpaka usome maandishi.

Kwa hiyo Nyerere yuko kwenye elfu moja na Karume yuko kwenye mia tano na mia mbili. Wazanzibari msianze.

---

Binti Kisiwandui

Hatujaanza. Tumehesabu tu. 😂

Na msisahau uwanja wa ndege. Sisi wa zamani bado tunaita Kisauni, jina la mahali. Halafu ukaitwa uwanja wa Zanzibar tu, na tangu 2010 ni Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume. Nilishampokea mgeni kutoka Mombasa nikamwambia kwa simu "nakusubiri Kisauni". Akanijibu, "Nimetoka Kisauni asubuhi, nirudi tena?" Maana na Mombasa wanayo Kisauni yao. Iko pia Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume, Mbweni, kaka yangu kasoma umeme pale.

---

Mla Sato

Nasubiri mtu ataje Musoma, naona mnatupita tu.

Wakuu, Uwanja wa Karume uko MUSOMA. Ndiyo, najua na Ilala upo, wenye nyasi bandia na ofisi za TFF, shirikisho la mpira. Lakini sisi Mara ukisema Karume, ni pale mjini kwetu, karibu na ziwa, upepo unapiga mpaka mpira wa juu unarudi ulikotoka. Biashara United walipopanda Ligi Kuu 2018, Simba na Yanga wakaja kucheza Karume, Karume yetu, na watu walipanda miti. 2021 tukafika Kombe la Shirikisho Afrika! Mechi za nyumbani zikapigwa Dar, siyo Karume yetu. Tukawafunga Al Ahli Tripoli mbili bila, kisha timu ikashindwa kusafiri kwenda Libya kwenye marudiano. Tukatolewa bila kupiga mpira. Sitaki kuongea zaidi. 2022 tukashuka.

Binamu yangu mgeni wa jiji, mwaka ule wa kwanza, kaambiwa na rafiki "Jumapili kuna mechi Karume, njoo". Kapiga simu nyumbani kuuliza nauli ya basi la kurudi Musoma ni ngapi. Alikuwa anakaa Buguruni. Angetembea kwa miguu.

---

Mama Belo

Nimechelewa kuingia, nilikuwa kazini. Na kazini kwangu ni KARUME.

Fundi viatu wa kijiweni kwa mleta uzi ndiye mtu pekee aliyeongea la maana siku ile. Sisi wa Ilala Karume ni soko la mitumba. Konda anapiga "Karume, Karume, Boma!" na hakuna abiria hata mmoja anayemwaza Rais. Anawaza suruali.

Ngoja niwapeleke. Saa kumi na moja alfajiri, bado giza, tochi za simu. Belo linakatwa kamba, wanunuzi wa kwanza, wale wenye maduka yao Sinza na Kinondoni, wameshazunguka. Nguo zinamwagika kama uji. Nani kashika nini kwanza, hapo ndipo biashara ilipo. Mimi nafanya masweta na makoti ya watoto, na mkono wangu unajua sufi kabla jicho halijaona. Ikifika saa mbili asubuhi zile nzuri zimeondoka, inabaki ya kurushwa kwenye rundo: "Jero jero, chagua mwenyewe mama!" Na jero yenyewe, kama alivyosema Mshika Sarafu, ni Karume. Unanunua kwa Karume, Karume.

Kuungua. Mara ngapi? Mimi nitawaambia moja tu. Usiku wa kuamkia Jumapili, 16 Januari 2022. Nilipigiwa simu saa tisa na nusu. Nilipofika kwenye mataa, moto umeshafika upande wangu, naona bati zinajikunja. Belo tatu hazijafunguliwa, zilikuwa zimelipiwa kwa mkopo wa kikundi. Asubuhi nilikuta vitasa vya kufuli na zipu. Zipu haziungui, mnajua? Chungu nzima ya meno ya zipu. Nilikaa juu ya ndoo nikazitazama mpaka mchana.

Wanaosema "Karume imeungua" kama utani, sawa, kutaniana ni kwetu. Lakini wengi tuliorudi pale tulirudi na turubai na mti mmoja.

---

Kahawa Tungu (mleta uzi)

Mama Belo pole sana. Nilipita pale siku ile ile mchana, moshi ulikuwa bado.

---

Chumvi Kidogo

Pole mama. Mimi naweka chumvi pembeni kwa leo.

---

Msafiri wa Muscat

Nimesoma yote. Hili la mnyororo wa majina limenigusa mfukoni. Niko Ghuba huku mwaka wa tisa. Kwenye karatasi zangu za mwanzo nilijaza jina la babu kama jina la mwisho, kama tulivyozoea nyumbani. Mdogo wangu alipojaza za kwake, karani akamwambia la mwisho ni la baba wa babu. Baba mmoja, mama mmoja, majina ya mwisho mawili tofauti. Nilipotaka kumdhamini aje, ofisi moja ikanirudisha mara tatu: "Huyu si ndugu yako, jina la ukoo halifanani." Nikapeleka vyeti vya kuzaliwa, nikapeleka kiapo cha mahakama, nikapeleka picha ya harusi ya wazazi. Miezi mitano.

Kama babu yetu angekuwa na uwanja wa ndege, nadhani tungepita siku ya kwanza.

---

Wakili Mtarajiwa

Nimecheka na huku naumia. Kesi za mirathi zinazokwama kwa sababu hii ni nyingi sana. Mtu anaapa hati ya kiapo kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, yeye mwenyewe.

---

Mshika Sarafu

Kuna pacha wa jambo hili, akina Mwinyi. Mzee Ali Hassan Mwinyi alikuwa Rais wa Zanzibar kabla ya kuwa Rais wa Muungano 1985, na mwanawe Hussein Ali Mwinyi ni Rais wa Zanzibar tangu 2020. Baba na mwana kiti kimoja kama akina Karume. Na Mzee Mwinyi alikuwa kwenye sarafu ya 50, ile ya faru. Kwenye ile ya mia yuko Nyerere. Lakini hilo ni la uzi mwingine.

---

Mwana wa Kiambaa

Fungua huo uzi tuje na Kenyatta. Tutakaa huko hadi Krismasi.

---

Kahawa Tungu (mleta uzi)

Mrejesho wakuu. Jana nimeusomea uzi kijiweni, kwa sauti, kuanzia mwanzo. Yule mzee wa Unguja alikuwepo. Nilipofika kwa Njenga wa makaa alisikiliza kimya, akaniomba nirudie pale pa 1976 na Moi. Nikarudia. Akanywa kahawa, akauliza: "Na huyu naye alikuwa akicheza bao?"

Mwana wa Kiambaa, mzee anasubiri jibu.

---

Mwana wa Kiambaa

Mwambie mzee tajiri wa makaa ana saa ngapi za kukaa kwa bao? Alikuwa anahesabu magunia.

---

Mama Belo

Kahawa Tungu, huyo kijana wa Kikenya kama bado yuko Dar mlete kesho alfajiri. Nafungua belo mbili za masweta, na kwao Julai baridi. Ashuke kwenye mataa, aulize Mama Belo wa turubai la bluu. Na Mla Sato, binamu yako mwambie ni hapa, Ilala. Asipande basi.